Kocha Akiligeukia Benchi: Mwongozo kwa Kijana wa Kikapu Anayetaka Dakika Zaidi

Kanuni za FIBA zinaipa mechi ya mpira wa kikapu robo nne za dakika kumi kumi. Zidisha dakika hizo 40 kwa wachezaji watano walioko uwanjani, unapata dakika 200, na hiyo ndiyo mali yote aliyonayo kocha kwa siku hiyo. Timu ya watu 12 ikigawana sawa, kila mmoja angeondoka na dakika 16 na sekunde 40. Lakini mechi ikiwa ngumu hakuna kocha anayegawa hivyo. Watatu anaowategemea wakicheza dakika 32 kila mmoja, 96 zimeshakwenda, na watu tisa waliobaki wanagombea 104. Kwa hiyo unaposema unataka dakika nane zaidi, unasema pia kuna mwenzako atakayezitoa, na kocha lazima awe na sababu ya kumkalisha huyo na kukusimamisha wewe.

Haya ninayoyaandika ni kwa kijana wa miaka 13 hadi 18, wa kiume au wa kike, wa shule au wa klabu, anayefika mazoezini bila kukosa, anavaa jezi siku ya mechi, kisha anarudi nyumbani jezi haijaingia jasho. Nimewasikiliza makocha wengi wa vijana pembeni mwa viwanja vya Dar es Salaam, na neno moja hulirudia kila mmoja kwa namna yake. Kocha anapoligeukia benchi, mara nyingi hatafuti atakayemfungia pointi kumi. Anajiuliza: nikimwingiza huyu, nini kitaharibika? Jibu likija haraka, kwamba atapoteza mpira, hamjui anayemkaba, atarusha mpira wa kwanza atakaoushika, basi macho yake yanakupita na kwenda kwa mwingine. Mazoezi yenye shabaha huanzia hapo: kujua ni kitu gani kwako kinamtia kocha wasiwasi, na kukishughulikia hicho kabla ya kingine chochote.

Kaulize, na uulize vizuri

Wachezaji wengi wa akiba hawajui kwa nini hawachezi. Wanakisia. Huyu anadhani ni ufupi wake, yule anadhani kocha ana watu wake. Upendeleo upo katika michezo ya vijana, sitakudanganya kwamba haupo. Ila kabla hujaamua kwamba ndio unaokuzuia, nenda ukapate jibu kutoka kwenye kinywa cha mwenye maamuzi.

Usiulize baada ya mechi, hasa mliyofungwa. Usiulize mbele ya wenzako, na usimtume mzazi. Wahi siku ya mazoezi ya kawaida, au subiri mnapokusanya mipira.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba.”

“Mwalimu, naomba dakika mbili. Ukiniangalia mazoezini, ni kitu gani kimoja ambacho nikikirekebisha utaniamini zaidi kwenye mechi?”

Liangalie swali hilo. Hukumuuliza kwa nini huchezi, swali ambalo lingemlazimisha ajitetee. Umemwomba kitu kimoja, na kitu kimoja mtu yeyote anaweza kukitaja. Atafikiri kidogo, kisha atakwambia: “Mkono wa kushoto huna.” Au: “Kwenye kukaba unalala.” Akikujibu kwa ujumla, kwamba ongeza bidii, mwombe kwa heshima akukumbushe tukio la mechi iliyopita. Tukio lina mahali na wakati, bidii haina. Ukifika nyumbani andika maneno yake kama alivyoyasema. Baada ya wiki tatu au nne mrudie: “Mwalimu, ulinieleza kuhusu mkono wa kushoto. Nimeufanyia kazi. Naomba leo uniangalie.” Kuanzia hapo anakutazama akiwa na kitu cha kupima, na hilo peke yake limeshakutoa katika kundi la sura anazoziona kila siku bila kuziona.

Ulinzi, kwa sababu huko ndiko wengi wanakofia

Kaa pembeni ya mechi yoyote ya vijana umtazame anayeingia sabu katika robo ya pili. Ametoka kukaa dakika kumi na mbili, misuli imepoa. Anakimbia hadi upande wake, anasimama amenyoosha magoti, mikono kiunoni, macho yote kwenye mpira. Kocha wa upande wa pili naye ana macho. Anapiga kelele, “Mpya! Mpya huyo!” na mpira unapelekwa kwa mtu wake. Mtu huyo anajifanya kama anausubiri pembeni, anapiga hatua mbili kuelekea mbele, kisha anakatiza nyuma ya mgongo wa yule kijana, anapokea pasi na kumaliza kwa leyapu. Sekunde 20 hazijapita tangu aingie. Benchi zima linasikia kocha akimeza maneno, na kijana anajua kabla hajaitwa kwamba safari yake imekwisha.

Kilichomponza ni kitu kinachofundishika. Mlinzi asiye na mpira mbele yake anatakiwa asimame mahali anapoweza kumwona mtu wake na mpira kwa pamoja, mwili ukiwa nusu upande, mkono mmoja ukielekea kwa mtu na mwingine ukielekea kwenye mpira. Kila pasi ikipigwa naye anasogea. Kila pasi, hata ile isiyomhusu. Njia rahisi ya kulijenga hili ni mazoezi ya wanne kwa wanne bila kudunda mpira na bila kufunga: washambuliaji wanapasiana tu, na mwenye filimbi anaipuliza wakati wowote. Ikilia, kila mlinzi anaganda alipo na kunyoosha kidole kimoja kwa mtu wake na kingine kwenye mpira. Asiyeweza kuvinyoosha vyote viwili bila kugeuza shingo amekosea mahali pa kusimama. Robo saa ya zoezi hilo, siku mbili kwa wiki, na macho yako yataanza kuona uwanja kwa namna nyingine.

Kwa kumkaba mwenye mpira, shika ncha mbili za taulo au kanga nyuma ya shingo yako, umwambie mwenzako adunde mpira kutoka mstari wa nyuma hadi katikati ya uwanja akijaribu kukupita. Mikono ikiwa imefungwa hivyo, itabidi miguu ifanye kazi. Nyonga chini, hatua fupi za pembeni, miguu isigongane, kifua kibaki mbele ya mpira. Vijana wengi hukaba kwa mikono, ndiyo maana wanapigiwa filimbi, na faulo ni njia ya haraka kuliko zote ya kurudi benchi. Ya tano inakutoa mechi nzima. Hata kabla ya hapo, timu ikishafikisha faulo nne katika robo moja, kila faulo ya ulinzi inayofuata inampa mpinzani mitupo miwili huru. Kocha anayehesabu faulo za timu hawezi kumwingiza mtu anayeshikashika.

Halafu sauti. Ukiona mpinzani anakuja kumwekea mwenzako skrini, piga kelele mapema: “Skrini kushoto!” Ukiwa nyuma yake tayari kumsaidia, mwambie: “Nipo, nipo!” Kunyamaza uwanjani kunamnyima mwenzako macho yako, na makocha wengi humpa dakika mwenye kusema hata kama mikono yake si hodari. Kwa malezi yetu, mdogo kuwapigia kelele wakubwa wake si jambo jepesi. Kwenye ulinzi hiyo ni kazi uliyopewa, na hakuna mwenye akili atakayeiona kuwa utovu wa adabu. Anza kuifanya mazoezini, kwa sauti inayofika upande wa pili wa uwanja.

Mpira ulioruka hauna mwenyewe

Rebaundi ni kazi ambayo mtu wa akiba anaweza kuianza leo, kwa sababu haihitaji wenzake wampe pasi. Dennis Rodman alikuwa na urefu wa mita 2.01, mfupi kwa mtu anayepambana chini ya kikapu katika NBA, lakini aliongoza ligi hiyo kwa rebaundi misimu saba mfululizo, kuanzia ule ulioisha 1992 hadi wa 1998. Alieleza katika filamu ya The Last Dance namna alivyokuwa akiwaomba rafiki zake warushe mpira kutoka kila pembe, yeye akitazama unavyozunguka na unakodundia ukigonga chuma. Alikuwa anaisoma mipira iliyokosa, na kila mrushaji ana makosa yake.

Nawe fanya hivyo na wenzako wa timu. Mmoja arushe kutoka kona, wewe simama upande wa pili utazame. Utaona kwamba shuti la kona likikosa mara nyingi huangukia upande wa mbali, na shuti refu huleta mdundo mrefu. Baada ya hapo jifunze kumweka mpinzani mgongoni. Shuti likiruka, usitazame mpira kwanza. Mtafute mtu wako, mguse kwa mkono mlalo, zungusha mguu hadi makalio yako yamfikie mapajani, tanua viwiko, ndipo uinue macho. Wengi hukosa rebaundi kwa sababu wanasimama kutazama shuti kama watazamaji wengine. Mkiwa wawili tu, weka mpira chini katikati ya duara na umzuie mwenzako asiufikie kwa sekunde tano. Mtachoka vibaya, na ndivyo inavyotakiwa.

Mikono inayoaminika

Sasa tuje kwenye mpira wenyewe. Kuna video nyingi kwenye simu za vijana wakipitisha mpira katikati ya miguu mara ishirini bila kusogea hatua. Siwaonei wivu wanaozitengeneza, lakini zimewapotezea vijana wetu saa nyingi mno. Kwenye mechi mtu wa akiba hudunda mpira mara mbili tatu tu kabla ya kuutoa. Anachohitaji ni kuupokea akiwa chini ya shinikizo, kusimama kwa miguu miwili bila kutembea, kugeuka juu ya mguu wa egemeo, kuukinga kwa mwili, na kuutoa kwa mtu wa jezi yake. Mambo hayo matano yakiwa safi, wasiwasi wa kocha juu yako umepungua nusu.

Zoezi lake: wewe mmoja, walinzi wawili, katika eneo la hatua tano kwa tano, na mwenzako wa kupokea pasi akiwa nje ya eneo hilo. Huruhusiwi kudunda. Una sekunde tano za kumtafutia pasi, huku wale wawili wakikubana na kukupigia kelele masikioni. Sekunde hizo tano zimetoka kwenye kanuni: mchezaji aliyebanwa kwa karibu akishindwa kupasi, kudunda au kurusha ndani yake, mpira unakwenda upande wa pili. Hesabu mara ngapi umetoa pasi salama katika majaribio kumi, uandike.

Mkono dhaifu nao utengewe siku yake. Kama ni wa kushoto, ingia kikapuni kutoka upande wa kushoto, ruka kwa mguu wa kulia, malizia kwa mkono wa kushoto kupitia kona ya juu ya mraba uliochorwa kwenye ubao. Anza kwa kutembea. Mazoezi mengi ya leyapu huharibika kwa sababu kijana anakimbia kabla hatua zake hazijakaa sawa.

Namna ya kufanya zoezi lako kuwa na shabaha

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki cha Berlin. Waliokuwa bora walikuwa na saa nyingi za mazoezi ya peke yao, yale ya kuchagua kipande kinachowashinda na kukirudia kwa makini, na waliokuwa wa wastani walikuwa na saa chache za namna hiyo. Kazi ya Ericsson imebishaniwa sana tangu wakati huo, na kipaji hakikufutwa na mtu. Lakini aliyefika uwanjani saa kumi jioni akarusharusha mpira hadi magharibi huku anapiga soga, na aliyefika kwa nusu saa akijua anachokwenda kukitafuta, hawawezi kuondoka na faida moja.

Chukua mitupo huru iwe mfano, kwa kuwa kila uwanja una mstari huo, mita 4.6 kutoka kwenye ubao. Kijana anarusha ishirini mfululizo akiwa ametulia, anaingiza kumi na nne, anafurahi. Siku ya mechi anakosa miwili. Tofauti ni kwamba mechini huwa amekimbia, moyo unadunda, na anarusha miwili tu kisha mchezo unaendelea. Basi fanya hivi: kimbia kutoka mstari wa nyuma hadi wa upande wa pili na kurudi, mara mbili, fika kwenye mstari ukihema, rusha miwili tu. Mpira uwe umetoka mkononi ndani ya sekunde tano, kama kanuni inavyotaka. Kimbia tena, rusha miwili. Rudia mizunguko kumi, utakuwa umerusha ishirini. Andika tarehe na idadi uliyoingiza kwenye daftari. Wiki ya kwanza huenda ikawa tisa, na itakuuma. Hiyo tisa ndiyo asilimia yako ya kweli, na sasa una pa kuanzia.

Kila zoezi liwe na namba ya namna hiyo. Pasi salama ngapi kati ya kumi. Leyapu za kushoto ngapi ndani ya dakika moja. Nikikuuliza leo umefanya nini na ukanijibu kwamba umepiga mazoezi, sijaelewa kitu. Ukiniambia ulikuwa na kumi na mbili wiki iliyopita na leo una kumi na tano, tumeelewana. Dakika 40 zinatosha, siku tatu kwa wiki, mbali na mazoezi ya timu. Sehemu kubwa iende kwa lile jambo moja alilokutajia kocha, na kidogo kinachobaki kiende kwa kile unachokiweza tayari.

Hicho unachokiweza kisidharauliwe. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliuanza mchezo huu akiwa na miaka kama 15, umri ambao katika nchi nyingine vijana wameshaucheza miaka minane. Alipofika Chuo Kikuu cha Connecticut hakuwa na mikono ya mfungaji. Alikuwa na mita 2.21, na alijua kulinda kikapu. Alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mwaka 2008 na tena 2009, na mwaka huohuo wa 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika uteuzi wa NBA. Hata hivyo dakika za NBA zilimjia kwa shida, na katika msimu wake wa kwanza alipelekwa kwa muda kucheza ligi ya chini yake. Urefu ulimfungulia mlango, lakini uwanjani kule kila mtu ni mrefu. Kijana mrefu anayesoma hapa asitegemee kimo peke yake, na mfupi asikate tamaa kwa ajili ya kimo cha mwenzake.

Uwanja hauna nafasi, mpira ni mmoja

Najua hali ilivyo. Kipande kimoja cha saruji kwa mtaa mzima, ringi zisizo na nyavu, jioni wakubwa wanakichukua na wadogo wanakaa ukutani. Ukitaka uwanja, uchukue alfajiri. Saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi viwanja vingi huwa vitupu, na jua bado halijawa kali. Kwa wasichana nasisitiza zaidi, maana jioni wavulana huutawala uwanja na kuwaachia kona. Nendeni mkiwa watatu au wanne, kwa usalama na kwa sababu mazoezi mazuri yanahitaji mtu wa kukupinga. Na mkiweza, mtafute mpira namba 6, ndio unaotumika kwenye mechi za wanawake. Kufanya mazoezi kwa namba 7 kisha kucheza kwa namba 6 kunaivuruga mikono.

Bila ringi kabisa, ukuta unafaa kwa pasi za kifuani na za mkono mmoja. Ua wa nyumba unafaa kwa hatua za ulinzi na kugeuka juu ya mguu wa egemeo. Na mwezi wa Ramadhani ukifika, aliyefunga afanye kazi nyepesi ya mikono na hatua muda mfupi kabla ya futari, mbio aziache hadi baada ya kula, usiku.

Mwili

Lala. Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Stanford na kuchapishwa 2011 uliwachukua wachezaji 11 wa timu yao ya wanaume na kuwataka wawe kitandani kwa muda wa saa kumi kila usiku kwa wiki kadhaa. Mitupo yao huru iliongezeka kwa asilimia 9, na ya pointi tatu kwa zaidi kidogo ya hapo. Ni kundi dogo, sawa, lakini hakuna zoezi la bei rahisi kuliko hilo, na simu kitandani ndiyo inayolizuia.

Jifunze kutua. Ruka juu ukitua kwa miguu miwili, magoti yamekunjika na yameelekea mbele bila kuangukia ndani. Fanya kumi kabla ya kila mazoezi. Wasichana wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuchanika kano ya goti kuliko wavulana, na kupasha mwili kwa mazoezi ya kutua na ya mizani kumeonekana kuipunguza. Viwanja vyetu vya saruji havina huruma. Maumivu ya chini ya pia ya goti kwa kijana anayekua yanataka kupumzika na kuonwa na mtaalamu wa afya. Kufunga kitambaa na kuendelea kuruka si dawa yake.

Kazi ya benchi

Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1992. Msimu wa 2015–16 alikuwa Toronto Raptors, na mechi nyingi alitokea benchi nyuma ya Jonas Valančiūnas. Katika mchujo, Valančiūnas akaumia kifundo cha mguu katika mfululizo dhidi ya Miami, na mzigo ukamwangukia Biyombo. Tarehe 21 Mei 2016, dhidi ya Cleveland ya LeBron James, alikusanya rebaundi 26 na Toronto wakashinda 99 kwa 84. Alifunga pointi 7 tu. Hakufika siku hiyo na kitu kipya. Alifanya yaleyale aliyokuwa akiyafanya katika dakika chache alizokuwa akipewa, ila safari hii dakika zilikuwa nyingi.

Nafasi ya namna hiyo haipigi hodi siku moja kabla. Mwenzako atateguka, atapata faulo ya nne, au atakwenda msibani mkoani, na kocha atakugeukia ghafla. Kwa hiyo ukiwa umekaa, fanya kazi. Mchague mpinzani utakayemkaba ukiingia, umtazame: anapenda kuingia kwa mkono gani, akichoka anafanya nini, anarusha akitokea wapi. Jua timu yenu ina faulo ngapi katika robo hiyo. Sikiliza mchezo gani kocha anauita. Robo ikiisha, simama, zungusha nyonga, ruka ruka, usiingie na misuli ya baridi. Kocha akikushika bega na kukuuliza, “Unamkaba nani?” jibu namba ya jezi kabla hajamaliza kuuliza.

Ukishaingia, dakika mbili za kwanza usitafute pointi. Kaba, sema, mweke mtu wako mgongoni, pasi mpira kwa mwenzako aliye karibu. Shuti lililo wazi na mahali unapoliweza, lirushe bila kusita, kwa sababu kulikataa nako ni kosa. Mengine yatakuja mchezo ukishakuzoea.

Ikiwa miezi inapita

Huenda ukayafanya yote haya kwa msimu mzima na bado usipate zaidi ya dakika tatu. Timu nyingine zina watu wazuri mno katika nafasi yako. Rudi kwa kocha umuulize kama kuna nafasi nyingine unayoweza kuifaa. Mlinzi wa kwanza mfupi aliyejifunza kurusha kutoka kona amegeuka mchezaji mwingine kabisa. Kama jibu ni hapana, tafuta timu ndogo itakayokuchezesha, hata ikiwa haina jina. Katika umri wenu, kucheza dakika 25 katika timu inayofungwa kunafundisha zaidi ya kukaa katika timu inayochukua kombe, na mzazi anayekung’ang’aniza ubaki kwa ajili ya jina la klabu umweleze hivyo kwa upole.

Au ingieni kwenye 3x3, mchezo ambao umekuwa wa Olimpiki tangu michezo ya Tokyo. Timu ni ya watu wanne, watatu uwanjani na mmoja nje, kikapu kimoja, nusu uwanja, dakika kumi au hadi upande mmoja ufikishe pointi 21. Muda wa kushambulia ni sekunde 12 badala ya 24, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Kila mmoja anakaba, anapasi, anarusha na kugombea rebaundi. Tafuteni wanne ambao wote hawachezi katika timu zao, mkubaliane nani anashughulikia udhaifu gani, na muanze na mechi moja kila Jumamosi asubuhi kabla wakubwa hawajaamka kuja kuuchukua uwanja.